Kipupwe Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa kupunguza gharama za umeme, mkaa na gesi nyumbani

Ikifika Juni na upepo wa kusi ukakaza, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huzima feni, na kila mtu hutegemea LUKU itapumua. Mara nyingi haipumui. Feni imezimwa, lakini hita ya bafuni imewashwa, birika la umeme linachemshwa asubuhi, jioni na kila mgeni anapobisha hodi, na mkaa nao unaisha haraka kwa sababu jiko liko uani penye upepo. Kule Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, ambako ukungu wa asubuhi unaingia hadi ndani, matumizi hupanda zaidi.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: kinachokula pesa nyumbani ni joto. Kifaa kinachochemsha, kinachopika, kinachopiga pasi au kinachogandisha ndicho cha kushughulikiwa. Taa, simu na redio ni vitu vidogo, ingawa ndivyo tunavyogombana na watoto kwa ajili yake. Na kwa kuwa kipupwe kinatuondolea feni, huu ndio msimu rahisi kuliko yote kwa familia yenye friji kukaa chini ya uniti 75 kwa mwezi. Hiyo namba 75 ina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: jua uniti moja unainunua kwa bei gani

Chukua risiti au ujumbe wa mwisho wa LUKU. Gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Ikiwa ulikuwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, toa kwanza kodi ya jengo, ambayo ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Kodi hiyo hukatwa mara moja kwa mwezi, na usiponunua umeme miezi miwili, ukirudi utakuta deni lake limekungoja. Ndiyo maana elfu kumi ya tarehe moja huleta uniti chache kuliko elfu kumi ya tarehe ishirini. Kama umepanga, kumbuka kwamba kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kaa naye mkubaliane namna ya kuihesabu kwenye pango.

Jibu likija karibu shilingi 122 kwa uniti, uko kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani. Likija karibu 356, uko T1, kundi la matumizi ya kawaida. Bei hizo zinatokana na viwango vya mwaka 2016: D1 ni shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, T1 ni shilingi 292, na juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, asilimia 1. Weka hesabu mezani: uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni shilingi 26,718. Tofauti ni zaidi ya shilingi 17,500 kila mwezi, kwa umeme uleule, kwenye nyaya zilezile. Hakuna balbu wala friji mpya itakayokuokolea kiasi hicho.

Wengine huuliza kwa nini tulipe bei sawa na wa Dar es Salaam wakati gesi inayofua umeme inatoka kwetu Msimbati na Songo Songo. Swali ni la haki, lakini bei ya TANESCO ni moja nchi nzima, na kwa leo kilicho mikononi mwako ni kundi ulilomo.

Aliye D1 akipita 75, kila uniti ya ziada mwezi huo ni shilingi 350 kabla ya kodi, yaani 427 ukijumlisha zote. Hiyo ni ghali kuliko hata T1. Na zingatia hili: mfumo unahesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi, si ulizotumia. Ukipata pesa ya korosho ukasema ununue umeme wa miezi mitatu kwa mkupuo, umejipandishia bei mwenyewe. Nunua ya mwezi, basi.

Aliye T1 lakini anatumia kidogo aende ofisi ya TANESCO na namba yake ya mita, aombe matumizi yake yaangaliwe ili arudishwe D1. Ombi lina nguvu kama manunuzi yako ya miezi ya karibuni yako chini ya 75, kwa hiyo shusha kwanza, omba baadaye. Kipupwe ndiyo nafasi ya kujenga rekodi hiyo.

Wapangaji mnaochangia mita moja, vyumba vinne au vitano, hamtaweza kukaa chini ya 75 hata mjibane vipi. Kwenu faida iko kwenye kila chumba kufungiwa mita ndogo ya kusoma, kila mtu alipe alichotumia, ugomvi uishe.

Hatua ya pili: pima

Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba na maneno imp/kWh. Mara nyingi ni 1000 au 1600. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1000 (au 1600), uniti moja imeondoka. Washa kifaa kimoja tu, hesabu kupepesa kwa dakika sita, zidisha kwa kumi. Kwa mita ya 1000, jibu ni wati za kifaa hicho. Kwa mita ya 1600, gawanya jibu kwa 1.6.

Kisha zima kila kitu, chomoa hadi chaja, urudi kwenye mita. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna umeme unaovuja, kuna kifaa ulichokisahau, au kuna mtu anatumia mita yako. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyaya za zamani kwenye nyumba za karibu na bahari huliwa na chumvi, na uvujaji si suala la pesa tu; unaua.

Friji haipimiki kwa dakika sita kwa sababu inawaka na kuzima. Soma uniti zilizobaki saa nne usiku, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa, usome tena saa kumi na mbili asubuhi. Zidisha tofauti kwa tatu upate matumizi ya siku.

Nyumba yenye friji ya kawaida itakuta hesabu ya namna hii kwa siku: friji uniti 1.2 hivi, balbu sita za LED za wati 9 kwa saa nne, uniti 0.2, televisheni ya wati 50 kwa saa tano, 0.25, simu zote, chini ya 0.1, pasi ya mara moja kwa wiki, ukiigawa kwa siku saba, 0.1. Jumla ni uniti 1.8, yaani 55 kwa mwezi. Imebaki nafasi ya uniti 20. Hita ya bafuni ndiyo inayokuja kuimeza.

Hatua ya tatu: maji ya kuoga

Hita ya papo kwa papo ya bafuni huvuta wati 3,500 hadi 5,500. Tuseme 4,500. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.75. Watu wanne kila siku ni uniti 90 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 hiyo ni zaidi ya shilingi 32,000, kwa maji ya kuoga peke yake. Na hapa pwani maji ya bomba hayana barafu. Usiku wa Julai mjini Mtwara joto hushuka hadi nyuzi 19 au 20 hivi. Yanahitaji kuondolewa ukali wa baridi, hayahitaji kuchemka.

Njia ya kwanza ni ya bure. Kipupwe kwetu ni kiangazi, anga jeupe, jua la kutosha. Chukua madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyeusi, au ndoo nyeusi zenye mifuniko. Sasa, mahali pa kuyaweka. Mwezi wa Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, na upepo wa baridi unatoka kusini. Kwa hiyo upande wa kaskazini wa nyumba una mambo yote mawili: jua la mchana kutwa na kinga ya upepo. Weka madumu hapo, juu ya sakafu ya saruji au kipande cha bati, yakiegemea ukuta. Ukiyafunika kwa nailoni angavu iliyoacha nafasi ya hewa kidogo kati yake na dumu, upepo hauyapozi. Jaza asubuhi. Saa tisa alasiri maji ni ya uvuguvugu mzuri, na huo ndio wakati wa kuogesha watoto, si saa mbili usiku. Ya watu wazima yaingize ndani kabla jua halijazama na uyafunike kwa blanketi kuukuu. Maji hayo ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa usiyaache kwenye plastiki juani.

Njia ya pili ni ya asubuhi, kwa mwenye kuwahi kazini au mwanafunzi. Chemsha birika moja la lita 1.7, uchanganye na lita kumi za maji ya kawaida. Utapata ndoo ya nyuzi 35 hivi kwa uniti 0.17. Watu wanne kwa mwezi mzima ni uniti 20, badala ya 90. Ukioga kwa kopo, lita kumi na mbili zinatosha mwili mzima.

Ukifanya yote mawili, jua la jioni na birika la asubuhi kwa wale tu wanaotoka alfajiri, hutagusa hata nusu ya zile uniti 20 ulizobakiwa nazo.

Ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo siipendekezi kwa nyumba yenye watoto. Inafanya kazi, lakini mtu anayejaribu maji kwa kidole kabla ya kuchomoa waya anaweza kufa.

Hatua ya nne: friji

Fungua friji yako ya Julai uone kuna nini ndani. Kama ni chupa za maji na nusu kitunguu, izime hadi Oktoba. Unaokoa uniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 75. Ioshe, ikaushe, acha mlango wazi kidogo isipate ukungu, na maji ya kunywa yarudi kwenye mtungi wa udongo.

Anayeihitaji kwa samaki au biashara ya juisi ashushe kitufe cha baridi kwenda namba ndogo, kwa maana hewa ya nje yenyewe imepoa. Isogeze kiganja kimoja kutoka ukutani. Futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, ukiwa umeichomoa. Bana noti mlangoni, funga, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi inatoroka usiku kucha. Barafu ikifika nusu sentimita, yeyusha. Na chakula cha moto kipoe nje kwanza, lakini kisizidi saa mbili.

Hatua ya tano: jikoni

Hapa ndipo familia nyingi zinapotoa pesa nyingi zaidi, ila hazioni kwa sababu zinatoka kidogokidogo, kopo la mkaa leo, kopo kesho.

Anza na kulinganisha. Kilo moja ya gesi ya mtungi kwenye jiko lisilo na hitilafu hupeleka kwenye sufuria joto sawa na kilo nne hivi za mkaa kwenye jiko la bati la kawaida. Pima mkaa wa kopo lako kwenye mizani ya dukani siku moja, ujue kopo lina kilo ngapi. Kisha linganisha bei ya kilo nne za mkaa na bei ya kilo moja ya gesi (bei ya kujaza mtungi gawanya kwa kilo zake, 6 au 15). Mwenye kununua mkaa kwa kopo mara nyingi atashangaa jibu. Kwa jiko la umeme la koili, kazi hiyohiyo inakula uniti kumi hivi: kwa D1 ni shilingi 1,220, kwa T1 ni 3,560. Unaona jinsi kundi la bei linavyorudi hata jikoni.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Tunafurahi, lakini mtungi wa mwanzo ni pesa, na mkaa hautaondoka kesho. Kwa hiyo, anayetumia mkaa apate kwanza jiko banifu lenye udongo ndani. Jiko la bati tupu hupasha moto uwanja. Jiko lenye udongo hupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi kwa pishi lilelile. Likinge na kusi: kona ya ukuta, au mabati mawili yaliyosimamishwa upande wa kusini, huku juu na upande mmoja pakiwa wazi moshi utoke. Mkaa uwe mkavu. Uliolala nje kwenye umande hutumia joto lake kujikausha. Sufuria ikishachemka, funga mlango wa jiko. Maji yanayochemka kwa fujo na yanayochemka taratibu yana joto moja, na chakula kinaiva wakati uleule.

Mbaazi, kunde, choroko na maharage ziloweke tangu usiku. Mbaazi mpya zinazoingia sokoni kipupwe zinaiva upesi kuliko za mwaka jana. Ukiweza, hizo ndizo za kununua.

Kisha tengeneza kapu la kuivishia. Ningetaka kila nyumba ya kusini iwe nalo. Tafuta kapu kubwa la ukili, au boksi gumu. Shona mto wa kulijaza chini na pembeni kwa sufi, unene wa kiganja kizima, ukiacha shimo la kukaa sufuria. Shona mto mwingine wa juu. Sufi ikikosekana, nguo kuukuu za pamba na vipande vya blanketi vinafaa. Namna ya kutumia ni hii. Wali wa nazi: chemsha pamoja na tui kwa dakika tano, mfuniko ukiwa umebana, ingiza kapuni, funika, usifungue kwa saa moja. Mbaazi zilizolowekwa: zichemke dakika ishirini, kapuni saa tatu, kisha zirudi jikoni zichemke tena ndipo utie tui. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kuingia kapuni, kwa sababu yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali tu. Chakula kisilale kapuni hadi kesho. Kikishakuwa vuguvugu kinaharibika. Ugali haupikiki humo, wala usijaribu.

Chai ni mchemko mmoja wa asubuhi unaotiwa kwenye chupa ya chai. Birika linalochemshwa upya kwa kila kikombe ni hasara.

Presha kuka ya umeme, kwa aliye D1, ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote ya kuivisha nyama ngumu na nafaka, kwa maana ikishapata presha huvuta umeme kidogo sana.

Kwa kuni, tuna neema ya vifuu na makumbi ya nazi; vifuu vikavu vinawaka vizuri na vinatoa kaa kali. Matawi ya mikorosho yanayokatwa wakati wa kupogoa nayo yanafaa yakikauka. Lakini maganda ya korosho usiyachome jikoni. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Viwandani yanachomwa kwenye matanuri maalumu. Jiko la mafiga si mahali pake.

Hatua ya sita: pasi na taa, kwa kifupi

Piga pasi mara moja kwa wiki, nguo zote, anzia nyepesi pasi ikiwa inapata moto, malizia nyepesi nyingine ukiwa umeichomoa. Mwenye pasi ya mkaa atumie makaa yaliyobaki baada ya kupika. Balbu ya zamani ya wati 60 ibadilishwe leo kwa LED ya wati 9.

Hatua ya saba: baridi yenyewe

Pwani hatuhitaji kupasha nyumba moto. Newala, Tandahimba na sehemu za juu za Lindi baridi ya alfajiri ni ya kweli, kwa wazee na watoto wachanga hasa. Funga madirisha ya upande wa kusini saa kumi na moja jioni, kabla nyumba haijapoteza joto la mchana. Ya kaskazini yaache wazi hadi jua lizame. Ziba uwazi chini ya mlango kwa kitambaa kilichoviringishwa na kujazwa mchanga. Tandika mkeka mnene au boksi lililokunjuliwa chini ya godoro, hasa kama mnalala sakafuni, kwa kuwa baridi nyingi hutoka chini. Blanketi lianikwe juani kutwa, likunjwe likiwa bado na joto.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Hata likiwa kaa tupu lisilo na moshi, linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Mwambie bibi, mwambie na msichana wa kazi, msiwaachie wajifunze wenyewe.

Hatua ya nane: jiandae na joto

Wenye sola, futeni paneli vumbi la kiangazi kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla hazijapata moto, na hakikisheni zimeelekezwa kaskazini kwa mlalo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15.

Wenye LUKU, andikeni kwenye daftari uniti mlizonunua Juni, Julai na Agosti. Namba hiyo ndiyo itakayowaambia Novemba mna nafasi ya feni ngapi bila kuvuka 75. Nyumba iliyokaa kwenye 55 ina uniti 20 mkononi, na 20 zinaendesha feni moja ya wati 60 kwa saa kumi na moja kila usiku. Feni ya pili itavuka mstari, isipokuwa friji iwe imepunguza chake au watoto na wazazi walale chumba kimoja miezi ile ya joto kali.